Siku ya Picha Nilisema Nilikuwa Mtoni

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi mtakayokutana nayo. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na hata wakati huo mwalimu alikuwa akimaliza kufuta ubao kabla sijafika mstari wa pili. Mjukuu wangu alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye simu yake, nikakataa. Yapo mambo ambayo siwezi kuyasema kwa mdomo huku mtu ananitazama. Nimechukua daftari lake la hesabu lililobaki kurasa, na hii ni wiki ya tatu naandika. Anayesoma anivumilie.

Kilichonifanya nianze ni redio. Kulikuwa na kipindi ambacho watu walipiga simu kueleza walikuwa wapi siku za mambo makubwa. Mmoja alikuwa akinyolewa, mwingine alikuwa anakamua ng'ombe, na wote walisema kwa furaha, kama watu wanaoonyeshana nguo mpya. Nikazima redio. Kwetu sisi tuliolelewa kwenye mashamba ya wazungu upande wa juu wa Rongai, ukipanda kuelekea Mau, swali la ulikuwa wapi siku fulani halikuwa la kufurahisha. Liliulizwa na askari, likaulizwa na karani, halafu tukaanza kuulizana sisi kwa sisi, na mtu aliyejibu vibaya hakujua jibu lake lingefika wapi.

Nikifumba macho naanza na harufu ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, ikikaushwa. Ni harufu tamu kidogo na chungu kidogo, inakwaruza koo na kukufanya upige chafya mara tatu mfululizo. Baba yangu ndiye aliyetunza nyumba ya kukaushia. Maua yalitandazwa juu ya trei za waya, ngazi juu ya ngazi, na chini yake moto wa kuni uliwaka mchana kutwa. Moto ukizidi, maua yanaungua. Ukipungua, yanaoza. Kwa hiyo baba hakuweza kuuacha hata kwa mazishi. Harufu ile iliingia kwenye koti lake na kwenye blanketi zetu, na nzi hawakukaa nyumbani kwetu kabisa. Jirani yetu, Baba Njoki, alikuwa akija kula kwetu na kusema kwa sauti kubwa, "Kwa Baba Nyambura hata kunguni wamehamia kwa Bwana!" Nyambura ni mimi, na Bwana ni mzungu mwenye shamba. Njoki, binti yake, alikuwa rafiki yangu wa pekee, maana mbele ya watoto wengine nilikuwa sisemi.

Mfalme wa Uingereza alipokufa nilikuwa darasani, kwenye banda la shule ya shambani. Kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti kiligongwa saa ambayo si yake, tukapangwa mstari kutazama bendera ya Bwana ikishushwa nusu. Wengine walilia kwa sababu mwalimu alionekana kama anataka tulie. Hali ya Hatari ilipotangazwa, mwezi wa kumi mwaka huo huo, nilikuwa mtoni na Njoki tukisugua sufuria kwa mchanga. Mpishi wa Bwana alipita akawaambia akina mama waliokuwa wakifua kwamba redio ya Bwana imesema kuna emajensi. Sikujua emajensi ni nini. Nilichokiona ni kwamba wale wanawake, waliokuwa wakicheka muda huo huo, walinyamaza na kila mmoja akaanza kuzitazama nguo zake mwenyewe.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kunyamaza. Ukikaribia kundi, mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Zamani nyumba moja ikiwasha moto asubuhi, makaa yalibebwa kwenye kigae kutoka mlango hadi mlango, na huyo aliyebeba alipata uji kidogo kila alipofika. Sasa kila nyumba ikawa na kiberiti chake. Mama alinikataza kwenda kuomba makaa kwa mtu yeyote isipokuwa kwa Mama Njoki, na baada ya Krismasi akanikataza hata huko. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Wewe nyamaza tu kama kawaida yako. Mwaka huu tabia yako ni nzuri."

Halafu ikaja amri ya picha. Kila mfanyakazi apigwe picha, picha ibandikwe kwenye karatasi, na asiyekuwa na karatasi aondoke shambani arudishwe Rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu, hata kama alizaliwa hapo hapo. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema anayepigwa picha amejitia sahihi ya kuwa mtu wa mzungu mpaka afe, na nyumbani hatapata hata pa kuzikwa. Wengine walisema picha zitapelekwa kwa wale watoa habari wa polisi wanaofunikwa gunia kichwani, wawanyooshee kidole wanaowataka. Sisi Wakikuyu tuliokuwa pale tukakubaliana kukataa. Baba Njoki alisimama uwanjani kwetu akasema, "Mimi uso huu nilipewa na mama yangu. Karani akitaka uso, naye aende kwa mama yake!" Watu wakacheka. Baba yangu alikuwa amekunja mikono, na aliitikia kwa kichwa kama wengine. Mama alikuwa amekaa kwenye kigogo kwa sababu tumbo lake lilikuwa limekuwa kubwa. Walikuwa wamezikwa wawili kati yangu na yule aliyekuwa tumboni, na mkunga alikuwa amemwambia baba mbele yangu kwamba mwanamke huyu akitikiswa na safari, wa tatu ataenda vilevile.

Siku ya picha ilifika na jua kali. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa nyumba ya kukaushia pareto kwa sababu ndio ukuta uliotazama jua vizuri. Mhindi mmoja wa Nakuru alikuja na kamera ya miguu mitatu, pamoja na karani na askari wawili. Kila mtu alitakiwa kushika namba yake kifuani, na karani alikuwa amesahau ubao wa kuandikia namba. Akaja shuleni. Mimi nilikaa mbele, kwa hiyo mwalimu aliichukua sleti yangu, kibao cha jiwe cha kuandikia kwa chaki, akampa. Ilikuwa na pembe ya kulia iliyovunjika, Njoki aliiangusha, lakini baba aliinunua Rongai na niliambiwa nikiipoteza nisirudi nyumbani. Nikatoka darasani nikaifuata. Kusimama uwanjani mbele ya watu sikuweza. Nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango mdogo wa kuni, nikapanda nyuma ya trei za juu. Ubao mmoja ulikuwa na ufa. Nikaweka jicho hapo, nikawa naitazama sleti yangu ikipita mkononi mwa kila mtu.

Wachungaji wa Kiturkana walipigwa picha, na Waluhya wa trekta, na nyapara. Mturkana mmoja hakuacha kucheka. Mhindi akamwambia, "Mzee, funga mdomo! Tazama hapa!" Yule akajibu, "Nikifunga mdomo mke wangu atanijuaje?" Hata askari walicheka. Watu wetu walisimama mbali karibu na ua bila kucheka. Saa sita Baba Njoki akatema mate chini, akageuka kwenda shambani, na wote wakamfuata. Aliyebaki ni baba peke yake, na hakuna aliyemshangaa, maana kila mtu alijua moto hauachwi.

Uwanja ukawa kimya. Askari walikaa kivulini kula. Ndipo nikamwona baba akitoka, akijipangusa mikono kwenye suruali. Hakujua niko juu ya kichwa chake. Alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye sanduku mbele ya shuka, bila kuitwa.

Karani akamwambia, "Si mlisema hamtaki?"

Baba akasema, "Piga upesi."

Akafunga kifungo cha koti lake, kile kimoja kilichokuwa kimebaki, akashika sleti yangu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sahani. Namba ilikuwa sitini na tatu. Mhindi alimaliza kwa dakika moja, lakini baba hakuondoka. Karani alichuchumaa karibu naye na karatasi gotini. Wengine wote aliwaandika kwa muda wa kukohoa mara mbili. Kwa baba aliandika mpaka chini ya karatasi, akaigeuza, akaendelea upande wa pili. Walisema kwa sauti ya chini, na kuni zilikuwa zinapasuka chini yangu, sikusikia neno hata moja. Niliona tu kalamu ikitembea.

Baba aliporudi kwenye moto wake, sleti ilibaki juu ya sanduku. Nilishuka kwa mlango wa kuni, nikazunguka, nikainyakua. Sitini na tatu ilikuwa bado pale, nyeupe kabisa. Nikatema mate, nikafuta kwa pindo la gauni mpaka jiwe likang'aa.

Siku ya tatu yake, asubuhi, gari la polisi lilimkuta Baba Njoki kwenye mistari ya pareto, likamchukua na kikapu chake mgongoni. Wengine walisema alijiita mwenyewe kwa mdomo wake, maana maneno yake uwanjani yalisikiwa hata na mbwa wa Bwana. Wengine hawakusema kitu, ila niliona macho yao yakienda kwenye nyumba ya kukaushia, kwa mtu aliyebaki na karani siku ile. Baba alianza kupika chai yake mwenyewe kazini. Mama akaacha kwenda kuchuma.

Wiki hiyo Mama Njoki aliniita. Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa sijaingia kwake siku nyingi. Wanawake wengine wawili walikuwa wamekaa. Akanipa kiazi kitamu kilichotoka majivuni wakati huo huo, akanipangusa mdomo kwa kidole chake kama mtoto mdogo.

"Nyambura, mwanangu," akasema, "siku ile ya picha wewe ulikuwa wapi? Njoki ananiambia ulitoka darasani."

Jibu langu kwa swali lolote la watu wazima lilikuwa moja. Ukiulizwa ulichelewa wapi, mtoni. Ulikuwa wapi nikikuita, mtoni. Lilikuwa jibu la mtoto asiyetaka maneno mengi, na halikuwahi kuniangusha. Nikasema, "Nilikuwa mtoni."

Wale wawili wakatazamana. Mama Njoki akaniuliza polepole, "Mto gani?"

Ndipo nikakumbuka. Mto ulikuwa umekauka tangu kabla ya Krismasi. Tulikuwa tunakunywa maji ya pipa yaliyoletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoni hapakuwa na kitu isipokuwa mawe na nyayo za mbuzi. Hakunipiga wala hakuninyang'anya kiazi. Alichukua kingine, kikubwa zaidi, akakifunga kwa jani la mgomba na kuniwekea mkononi. "Mpelekee baba yako," akasema. "Mwambie kimetoka kwa Mama Njoki."

Baba alikitazama kile kiazi bila kukipokea. Aliniuliza nilisema nini huko, nikamwambia. Nilingoja anichape. Alikichukua kwa vidole viwili, akakitia motoni, halafu akaweka mkono wake juu ya kichwa changu na kuuacha hapo kwa muda mrefu. Sikujua kama ananituliza au anaegemea.

Malori yalikuja kabla mvua haijaanza. Kila asiyekuwa na karatasi alipewa muda wa kufunga vitu vyake. Mbuzi walibaki, kuku walibaki, mahindi ghalani yalibaki. Karani yule yule alisimama juu ya debe akiwa na karatasi zake, na kwenye pembe ya kila karatasi palikuwa na mraba mdogo uliobandikwa. Watu wetu walipokuwa wanapanda, akaita, "Namba sitini na tatu! Wewe baki na watu wako."

Hakuna aliyesogea. Niliona vichwa vyote ndani ya lori vikigeuka kwa baba. Mama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nilijua, hata kwa akili ile ya miaka tisa, kwamba neno moja la kuitikia lingemwacha mama alale kitandani kwake mpaka ajifungue.

Baba akasema, "Huyo si mimi."

Karani akainua karatasi, akatazama mraba, akamtazama baba. Kisha akaigeuza, akasoma nyuma kidogo, akacheka. "Na haya yote hukuyasema wewe?"

"Huyo si mimi," baba akarudia. "Niandike bila picha."

Akambeba mama kama gunia la maua, kwa uangalifu ule ule, akampandisha. Mama Njoki alikuwa amekaa sehemu nzuri karibu na mbele ya lori. Alisogeza kifurushi chake, akampa mama nafasi aegemee. Baba hakumtazama Mama Njoki hata mara moja.

Dada yangu alizaliwa Nakuru, ndani ya ua wa seng'enge ambamo tulingoja treni siku nne tumefunikwa turubai. Aliyempokea ni Mama Njoki. Alikata kitovu, akamfunga mtoto kwa leso yake mwenyewe, akamwambia mama, "Huyu hana makosa." Dada yangu yuko hai mpaka leo na ana wajukuu wengi kuliko mimi. Siku malkia alipovishwa taji, ambayo wale wa redioni waliisimulia kwa peremende na bendera ndogo, mimi nilikuwa Rizavu kwenye foleni ya unga, nimembeba mtoto huyo mgongoni. Baba alikufa mwaka wa pili wake, kifua kilimmaliza. Hatukuwa tumepigwa picha nyingine. Hatukuwa na kamera wala sababu, na baada ya mambo yale hakuna mtu nyumbani mwetu aliyependa kutazamwa.

Baba Njoki alirudi kutoka kizuizini miaka ya hamsini ikikaribia kuisha, akiwa na mguu mmoja mzito. Alikuja kwetu, akamsalimia mama, akampa pole ya baba, akakaa. Baadaye akasema, "Sikuja kwa ubaya. Nataka tu kujua ni nani alinitaja." Mama akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Muulize huyu. Ndiye aliyekuwa mle ndani." Sikuwahi kumwambia mama nilikuwa wapi. Mpaka leo sijui alijuaje. Baba Njoki alinigeukia, akangoja. Nilikuwa na umri wa msichana wa kuposwa, na ulimi wangu ukawa ule ule wa miaka tisa. Alingoja mpaka maharagwe yakaisha kwenye ungo, akachukua kofia yake, akaondoka. Tulikutana mara nyingi baadaye, sokoni na kanisani. Alinisalimia kila mara, lakini kwa ncha za vidole.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana na mzee mmoja Gilgil aliyewahi kuwa karani wa wakati ule. Aliniambia karatasi zile ziliuliza kila shamba mtu alilowahi kufanyia kazi, jina la bwana wake, na sababu ya kuondoka. Moyo wangu ulishuka pole pole kama mzigo unaotuliwa. Baba alikuwa amefanya kazi Kamere kando ya ziwa, na Gilgil, na Njoro, na kwingine, mashamba saba kwa jumla. Mashamba saba yanaweza kujaza karatasi. Jana nilijaribu. Niliyaandika yote kwenye daftari hili, na mabwana wake, na sababu nilizozisikia. Yalijaza ukurasa mmoja na hayakufika nyuma, na mwandiko wangu ni mkubwa. Lakini daftari langu si karatasi yao, na pengine yapo mashamba ambayo hakutusimulia.

Siku hizi wajukuu wangu hunipiga picha kabla sijamaliza chai, na kuzifuta kabla sijaweka kikombe. Wanacheka nikificha mikono. Hawaulizani walikuwa wapi, simu inawakumbukia, mpaka saa na mahali. Mimi sina picha ya baba hata moja, ila najua ilikuwapo. Nakumbuka alichokalia, alichoshika na kifungo alichofunga, lakini uso wake umeanza kunitoka, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Kama marehemu baba yako alikuwa karani, au ulinunua nyumba ya zamani Nakuru ukakuta sanduku la karatasi, tafadhali tazama. Ni mwanamume mwembamba mwenye koti la kifungo kimoja, nyuma yake shuka, na ameshika sleti ya mtoto wa shule iliyovunjika pembe, namba sitini na tatu. Anza kwa kunieleza uso wake. Halafu geuza, uniandikie yaliyoko nyuma, yote, hata kama kuna jina la mtu. Tumia herufi kubwa, kwa sababu hata kusoma nasoma polepole.